Oili Ikivuja, Tafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Mfuko

KUNA doa ambalo hakuna mwenye gari apendaye kuliona. Unaamka asubuhi, unatoa gari langoni, na pale lilipolala unakuta matone meusi yameganda juu ya saruji. Mwenye nyumba ananung'unika kwamba unamharibia uwanja. Jirani anakwambia, "Hiyo injini imekwisha." Fundi naye anatikisa kichwa kabla hata hajainama. Na wewe hapo unaanza kuhesabu: karo, kodi ya nyumba, unga, na sasa hili.

Wiki hii tuzungumze juu ya doa hilo. Si lazima uwe fundi ndipo ujue oili inatokea wapi. Unahitaji kitambaa safi, kipande cha kadibodi, tochi na subira. Nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe huko Katilu, kusini mwa Turkana, ambako mtoto wa shule alinifundisha jambo nililopaswa kulijua tangu zamani.

Pikapu ya shemeji

Dada yangu ameolewa Katilu. Ukitoka Kitale unateremka milima hadi Marich, unapita Kainuk, na kabla hujafika Lokichar unaingia upande wa mto Turkwel. Huko, katikati ya nchi ya migunga na vumbi, unakuta mashamba ya mahindi, mtama na matikiti yanayonyweshwa kwa mifereji inayotoka mtoni.

Shemeji ana pikapu kuukuu, Toyota ya dizeli. Ndiyo inayobeba mazao hadi Lodwar, safari ya zaidi ya kilomita 100, na mara nyingine huendelea kilomita nyingine kama 120 hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imezaa soko kubwa. Isitoshe, mtoto wa jirani akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu wa kujifungua, mlango unaogongwa ni wa shemeji. Kwa hiyo gari lile ni lake kwa karatasi tu. Kwa kweli ni la kijiji.

Nilipowatembelea Desemba iliyopita nilikuta watu hawana furaha. Pikapu ilikuwa ikivuja oili, pale injini inapoungana na giaboksi. Kila safari ya Lodwar, shemeji alilazimika kuongeza nusu lita. Alikuwa amelipeleka kwenye gareji moja njiani, na fundi akaingiza kichwa uvunguni, akagusa kwa kidole na kutoa hukumu: sili ya nyuma ya kranki imekufa, giaboksi lazima ishushwe. Gharama ni shilingi 35,000 na gari lilale gareji wiki nzima.

Ninyi mnaoishi mijini mnajua shilingi 35,000 ni nini. Kule zina miguu minne: ni mbuzi saba, na mbuzi hao walikuwa wametengwa kwa karo ya Januari ya binti yao aliye kidato cha tatu. Dada alisema mbuzi hawaguswi. Shemeji akasema bila gari hakutakuwa na mbuzi wala karo. Hata hivyo mzaha haukumtoka. Aliniambia, "Shemeji, Machi 2012 walitangaza kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, hapo karibu na Lokichar. Sasa yamefika hadi chini ya gari langu, lakini mimi ndiye ninayelipa!"

Nikavua shati, nikalala uvunguni, nikagusa oili na kuinuka nikitangaza kwamba fundi amesema kweli. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyetoka Nairobi.

Mpwa wangu, yule yule wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama pembeni na tochi. Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, umeangalia na kule juu?"

Nikamwambia oili inadondoka chini, juu kuna nini?

"Maji ya Turkwel tunayachota hapa Katilu," akajibu, "lakini hayaanzii hapa. Mwalimu wa jiografia ametuambia yanatoka Mlima Elgon."

Nilinyamaza. Alikuwa amenishinda.

Kwa nini oili hudanganya macho

Maneno ya mtoto yule ndiyo msingi wa kazi yote. Mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Oili hutoka kwenye ufa mdogo huko juu, ikateremka taratibu ukutani mwa injini, ikafuata boliti na mikunjo ya chuma, mpaka ikafika sehemu ya chini kabisa. Hapo ndipo hukusanyika na kudondoka. Gari likiwa mwendoni, upepo nao huisukuma nyuma. Kwa sababu hiyo magari mengi huonyesha ulowevu pale pale injini inapokutana na giaboksi, hata kama chanzo kiko kwingine kabisa.

Kanuni basi ni hii: usitafute mahali palipolowa zaidi, tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa.

Je, ni oili kweli?

Kabla ya kuilaumu injini, hakikisha kilichodondoka ni oili. Lipaki gari mahali tambarare jioni, utandaze kadibodi safi chini yake kuanzia mbele ya injini hadi nyuma ya giaboksi, na uweke alama kuonyesha magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi soma kadibodi kama barua.

Maji meupe yasiyo na harufu, hasa kama ulikuwa umewasha kipoza hewa, si ugonjwa. Maji ya kijani au ya rangi ya waridi yenye harufu ya utamutamu yametoka kwenye rejeta au mipira yake. Mafuta mekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Majimaji mepesi ya manjano karibu na gurudumu yanaweza kuwa ya breki, na hapo usiliendeshe gari hata hatua moja hadi litazamwe. Oili ya injini ni ya kahawia ikiwa mpya na nyeusi ikiwa imetumika. Ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa hiyo weusi peke yake usikutie hofu.

Pima kwanza

Jambo la pili ni kijiti cha kupimia oili. Wenye magari wengi hawakigusi mpaka taa nyekundu iwake. Lisimamishe gari mahali tambarare, uzime injini na usubiri dakika kumi ili oili ishuke. Chomoa kijiti, ukipanguse, ukirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena na usome. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja.

Andika tarehe, kilomita na kipimo kwenye daftari. Baada ya wiki moja utajua kama unapoteza tone au unapoteza lita. Gari linaloangusha tone moja usiku linaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Gari linalokula nusu lita kwa safari moja haliwezi kusubiri.

Angalia pia rangi. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa huenda imeingiliwa na maji, na hiyo si kazi ya nyumbani. Kama kadibodi ni kavu lakini oili inazidi kupungua, mwambie mwenzako asimame nyuma ya gari wakati unapokanyaga mafuta. Moshi wa samawati unaonyesha kwamba oili inaungua ndani ya injini.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka mkiwa barabarani, usiseme utafika kituo cha mbele. Simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Injini ikikosa oili, vyuma husagana na kushikana kwa muda mfupi sana, na hapo huzungumzii tena gasketi bali injini nyingine.

Osha injini

Hatua inayofuata ndiyo mafundi wengi huiruka kwa sababu inakula muda. Juu ya uchafu wa miezi huwezi kuona oili mpya inatokea wapi. Lazima injini ioshwe.

Shemeji alitaka tulipeleke gari kando ya mfereji, palipo na maji. Dada akakataa katakata. Maji yale yananywesha mimea, na wako watu na mifugo wanaoyanywa huko chini. Alikuwa na haki. Oili kidogo tu huharibu maji mengi. Tukabeba maji kwa mitungi hadi chini ya mgunga, mbali na mfereji, na kuweka karai kubwa uvunguni ili kukinga uchafu. Uchafu ule tulimwagia kwenye mtungi mkuukuu na kuufunga. Nawe wa mjini, usioshee injini juu ya mtaro wa maji ya mvua. Oili chafu irudishwe gareji inayoikusanya.

Osha injini ikiwa imepoa kabisa. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Tenganisha betri. Funika kwa mifuko ya plastiki mahali hewa inapoingilia, jenereta na sanduku la fyuzi. Paka mafuta taa kidogo kwa brashi penye mgando, pasiwe na sigara wala jiko karibu, kisha usugue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga. Usitumie mpira wa maji yenye nguvu. Panguza na uache ikauke vizuri. Harufu ya mafuta taa ikiwa bado ipo, usiwashe.

Tahadhari nyingine ni ya uhai wako. Usiingie kamwe uvunguni mwa gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Tumia stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, juu ya ardhi ngumu, na uzuie magurudumu kwa magogo. Matofali hupasuka. Kama huna stendi, fanya yote unayoweza ukiwa umesimama mbele ya boneti, mengi yanawezekana.

Poda ya mtoto

Injini ilipokauka, mpwa wangu alichukua poda ya mdogo wake. Ilikuwa mpya machoni pa babake, lakini ni mbinu ya zamani. Unanyunyiza poda, au hata unga mkavu wa ngano, kwenye maeneo unayoyashuku: chini ya kava ya tapeti, kuzunguka filta ya oili, kwenye ukingo wa sampu, na pale injini inapokutana na giaboksi. Usiipeleke karibu na mlango wa hewa wala kwenye mikanda.

Kisha tukawasha injini, tukaiacha iungurume robo saa. Leso, mikono mirefu ya shati na nywele ndefu vikae mbali na feni. Baada ya hapo shemeji aliendesha polepole kwenda shambani na kurudi. Tukafungua boneti, tukamulika.

Pale chini, ambapo fundi na mimi tulikuwa tumegusa, poda ilikuwa imeanza kulowa. Lakini tochi ilipopanda, tuliona mstari mweusi mwembamba, kama msafara wa siafu, ukitoka pale chini na kupanda nyuma ya injini hadi juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya kava ya tapeti. Juu ya hapo poda ilikuwa nyeupe na kavu. Mto ulikuwa umepatikana Mlima Elgon.

Kulikuwa na dalili nyingine niliyoipuuza. Sili ya nyuma ya kranki ikivuja sana, oili inaweza kufikia klachi, nayo ikaanza kuteleza au kunuka kuungua. Klachi ya shemeji ilishika vizuri hata akiwa na magunia kumi.

Nani aliyeifukuza oili?

Wengi wangeishia hapo, wakanunua gasketi na kufunga. Baada ya miezi mitatu gari lingevuja tena. Lazima uulize: gasketi ilishindwa kwa nini?

Sababu moja ni uzee. Gasketi ya kava ya tapeti katika magari mengi ni mpira, na mpira unaopashwa moto na kupoa kila siku hukauka ukawa mgumu kama plastiki. Tulipoitoa ile ya shemeji ilivunjika vipande vipande mkononi.

Sababu ya pili husahaulika. Injini hupumua. Kila pistoni inaposukumwa, moshi kidogo hupenya pembeni na kuingia chini ya injini, mahali oili inapokaa. Moshi huo lazima utoke, na hutoka kupitia bomba dogo la mpira ambalo katika magari mengi huanzia kwenye kava na kurudi mahali injini inapovutia hewa. Bomba hilo likiziba, msukumo hujaa ndani, na oili hutafuta mahali palipo dhaifu ili itoke. Ndiyo maana gari hubadilishwa sili mpya leo na kesho likavuja kwingine.

Tulipolichomoa bomba la kupumulia la pikapu ile tulikuta limejaa tope jeusi, oili iliyochelewa kubadilishwa pamoja na vumbi la barabarani. Shemeji akapuliza kwa mdomo, hakuna hewa iliyopita. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi hata fundi angeweka sili ya dhahabu, ingevuja."

Unaweza kujipima. Injini ikiunguruma polepole, legeza kifuniko cha kumiminia oili kwa uangalifu, uso ukiwa mbali. Pumzi kidogo ni kawaida, hasa kwa dizeli ya zamani. Kama moshi unatoka kwa nguvu kiasi cha kurusha kifuniko, ama bomba limeziba au pistoni na ringi zake zimechoka. Safisha bomba, kisha upime tena. Nguvu ikibaki vile vile, tatizo ni la ndani na fundi ahusike.

Kazi yenyewe

Dada alimpigia simu mwenye duka la vipuri Lodwar. Kipuri kikaja kesho yake kwa dereva wa matatu: gasketi shilingi 1,200, bomba jipya la mpira shilingi 400 na gundi ya silikoni shilingi 350. Asubuhi, kabla jua la Turkana halijawa kali na chuma bado ni baridi, tukaanza.

Tulipiga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, tukumbuke kila mpira ulipokuwa. Tukaondoa mipira, tukalegeza nati za kava kidogo kidogo kwa zamu, na tukazipanga kwenye sahani kwa mpangilio wake. Kava ilipogoma tuliigonga pembeni kwa kipande cha mbao. Usiichokoe kwa bisibisi; ukikwaruza ukingo wake umetengeneza mlango mpya wa oili.

Tulitanda kitambaa safi juu ya vyuma vya ndani ili uchafu usiingie, tukakwangua mabaki ya gasketi kwa kijiti cha mbao, na kupangusa kingo zote hadi zikang'aa. Gasketi mpya huwekwa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni hutiwa tone tu kwenye kona na kwenye mipira ya nusu duara, mahali ambapo nyuso mbili hukutana. Wapo wanaopaka silikoni kila mahali kama siagi kwenye mkate. Vipande vya ziada hukatikia ndani na vinaweza kuziba njia ya oili.

Kukaza ndiko kuliko na mtego. Anza nati za katikati uende nje, mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili kwa spana fupi, wa tatu kidogo tu. Kava ya tapeti haihitaji nguvu za mtu aliyekasirika. Ukikaza kupita kiasi unaikunja kava, unaponda gasketi au unakata boliti, na kazi ya shilingi elfu mbili inakuwa ya elfu ishirini. Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake, ongeza oili hadi alama ya juu, kisha uwashe.

Sasa niwaambie ukweli. Usiku wa kwanza kadibodi ilikuwa na matone. Usiku wa pili, matone. Shemeji alianza tena kuwatazama mbuzi. Nami nililala vibaya, maana sasa kosa lingekuwa letu. Lakini kule juu poda mpya ilikuwa kavu. Yaliyokuwa yakidondoka ni masalio yaliyojificha ndani ya nyumba ya klachi. Usiku wa tatu lilidondoka tone moja. Usiku wa nne kadibodi ilikuwa safi kama daftari jipya.

Yasiyo kazi ya nyumbani

Nisije nikaeleweka vibaya. Simdharau fundi. Yule wa gareji aliona oili pale sili ya kranki hutolea oili, akabahatisha, nami nilibahatisha vile vile. Kuna siku atakuwa sahihi. Kama baada ya kuosha na kunyunyiza poda, huku juu ni kukavu na oili inatoka chini penye giaboksi, basi ni sili kweli na giaboksi ishuke. Vivyo hivyo sili ya mbele iliyo nyuma ya mkanda wa taimingi, gasketi ya kichwa cha injini, na sampu iliyopasuliwa na jiwe, yote yanahitaji mikono yenye uzoefu.

Yaliyo ndani ya uwezo wako ni haya. Nati ya kumwagia oili inayodondosha mara nyingi hutaka washa mpya tu, si kukazwa hadi nyuzi zikatike. Filta inayovuja baada ya kubadilishwa oili, tazama kama mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda ukutani. Mipira miwili haikai pamoja. Kifuniko cha kumiminia oili chenye mpira uliokufa hununuliwa kwa bei ndogo. Kuna pia dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji. Baadhi hulainisha na kuvimbisha mipira kwa muda, lakini haziponyi mpira uliovunjika wala bomba lililoziba.

Na unapokwenda gareji, nenda na maneno haya: "Fundi, naomba tuioshe kwanza, halafu unionyeshe inapoanzia." Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayejua anachokilipia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza, kabla hujaziba, hakikisha unaziba ufa wenyewe.

Januari mpwa wangu alirudi shuleni karo ikiwa imelipwa kwa fedha za wale mbuzi. Wiki mbili baadaye shemeji alinipigia simu alfajiri. Usiku huo walikuwa wamemkimbiza mama mjamzito hadi Lodwar, na amejifungua salama. "Nilipofika hospitali," akaniambia, "kitu cha kwanza nilisubiri injini ipoe, nikachomoa kijiti. Shemeji, haijashuka hata kidogo."

Leo jioni, msomaji, tafuta kadibodi uitandaze chini ya gari lako. Hadi Jumapili ijayo, safari njema.